Kodi za Kuhama

Vyumba vya juu,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili, tarehe 14, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini, maana najua ukiona mwandiko wangu juu ya bahasha utaifungua hapo hapo mlangoni, umesimama, na sitaki magoti yako yaumie kwa ajili yangu. Yanaendeleaje hayo magoti? Na presha? Mwanao aliniambia umebadilishiwa dawa ya macho na kwamba hii mpya haiwashi. Nilifurahi kusikia, ingawa habari za mwanao siku hizi nazipokea kwa tahadhari, na sababu utaiona hapa chini.

Huku hatujambo. Baba, mdogo wako, anakula, analala, na jana alinyolewa ndevu akakubali bila vita. Mkono wa kulia bado haujarudi, mguu wa kulia anauburuta, ila ngazi anapanda na kushuka akishikilia ukuta, huku mimi nikitangulia chini yake na roho mkononi. Mimi ni mzima, isipokuwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto zimekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Hilo nalo nitalieleza.

Baada ya salamu, Shangazi, nina maneno mengi na naomba uyasome yote mpaka mwisho kabla hujanihukumu.

Tangu Jumatano nimekupigia simu mara nne. Inaita mpaka inachoka. Ujumbe wako wa Jumatatu nimeusoma mpaka nimeukariri: "Nimesikia unahama. Nakuja tarehe 28 kumchukua mdogo wangu. Usijisumbue kuaga." Hilo la kuaga ndilo lililonichoma. Nililisoma nikiwa kazini, nikaenda kukaa nyuma ya marundo ya sponji, nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikaona aibu, yote kabla ya chai ya saa nne.

Sikulaumu sana. Mimi ndiye Kiguu na Njia, jina mliniita wenyewe nikiwa darasa la tatu, na tangu hapo sijafanya lolote la kulikanusha. Nilishona sare za shule nikaacha. Niliuza vipuri vya baiskeli nikaacha. Nilipika kwenye kantini ya kiwanda, nako mpishi mkuu aliniacha yeye kabla sijamwacha. Hii kazi ya kushona makochi nimedumu nayo mwaka wa tatu, na watu wananitazama kama mgonjwa aliyepata nafuu ghafla. Hata sasa ninapokuandikia nimeshainuka mara tatu: ya kwanza kufunga dirisha, ya pili kulifungua, na ya tatu sikumbuki niliinukia nini. Kwa hiyo ukiambiwa nahama, una haki ya kuamini.

Lakini sikusema nahama. Nilisema najifunza kodi za kuhama.

Mwisho wa mwezi uliopita mwanao alinilaumu kwamba simjibu. Nikamwandikia, naomba umwambie akuonyeshe, kama hajaufuta: "Nisamehe binamu, nimebanwa na kodi za kuhama. Ni ngumu kweli ila lazima nizipate kabla mwezi haujaisha, mzee hawezi kusubiri." Nilikuwa nazungumzia mandolini. Kodi, Shangazi, kwa wapigaji, ni zile sauti tatu nne zinazopigwa kwa pamoja chini ya wimbo. Mwanao, ambaye muziki kwake ni mlio wa simu, akasoma kodi ya nyumba. Akaona nimekabwa na mwenye nyumba, natafuta chumba kwingine, na mzee namtupa. Badala ya kuniuliza, akakimbilia kwako. Ulimi hauna mfupa, na wa mwanao hauna hata breki.

Sasa ngoja nikueleze mandolini imeingiaje humu, maana hili huku kwetu ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Unajua tangu kiharusi Baba hasemi. Ana "ndiyo" yake, ana "aa-aa" yake, na siku akikasirika kuna neno moja la matusi linatoka safi kabisa, silitaji. Basi mwalimu wa kusema pale hospitali, mama mmoja mpole anayetembea na kengele ndogo mfukoni, alinieleza kwamba kichwani mwa mtu maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayakai chumba kimoja. Kwa Baba chumba cha kusema kimefungwa. Cha kuimba mlango uko wazi. Akaniambia nimwimbishe kila siku, na akizoea tutapenyeza maneno ya kawaida humo humo ndani ya wimbo, niletee maji, nina baridi, mgongo unaniuma, mpaka ulimi ukumbuke njia.

Sikuamini. Jioni ile nilichukua mandolini yake pale ukutani juu ya kitanda, nikaifuta vumbi, nikapiga vile vitu viwili alivyonifundisha utotoni. Na mdogo wako, ambaye tangu augue hajaweza kuniambia nimpe kikombe, akafungua mdomo akaimba ubeti mzima wa ule wimbo aliokuwa akiuimba juu ya ngazi akichora mabango ya maduka. Maneno yote, Shangazi. Kila neno na silabi zake. Mimi nikasahau kupiga.

Furaha hiyo ilidumu siku mbili. Shida ni kwamba Baba haanzi mahali pamoja. Leo ataanza chini kabisa, sauti inatoka kifuani. Kesho ataanza juu. Keshokutwa ataanza katikati, mahali ambapo mimi sina kidole. Mimi nilikuwa najua kupiga sehemu mbili tu za shingo, kule mwanzoni, ambapo nyuzi nyingine unaziacha wazi zilie zenyewe. Yeye yuko huku, mimi niko kule, tunagongana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba. Nikimsihi aanze upya anapoanzia mandolini, hawezi, sauti inatoka inapotoka. Anapiga ukingo wa kitanda kwa mkono mzima, anafumba mdomo, na siku hiyo imekwisha. Siku moja alinyamaza hivyo hata ile "ndiyo" ikapotea mpaka kesho yake. Nikaogopa. Nikajiona mimi ndiye ninayemfungia mlango aliobaki nao.

Ndipo nikaenda kwa kinyozi.

Kinyozi yuko hapa chini, mkono wa kushoto ukitoka. Mtaa mzima tunamwita Mkimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Zamani alipiga mandolini kwenye bendi ya kampuni ya reli, na anayo yake mpaka leo, imepasuka tumbo na imebandikwa gundi. Nilimweleza shida yangu, naye akacheka mpaka akaweka mashine chini. Akaniambia mimi nimejenga nyumba juu ya kiwanja cha mtu. Zile nyuzi wazi ndizo kiwanja, hazisogei, na mimi nimezing'ang'ania. Funga nyuzi zote, akasema, usiache hata moja ilie yenyewe, halafu mkono mzima utahama popote anapokwenda mzee; hizo ndizo kodi za kuhama.

Ananikalisha kwenye kiti cha wateja, yeye anasimama nyuma yangu na mandolini yake, tunafundishana kupitia kioo. Unajua kwenye kioo mkono wake wa kushoto unakaa upande ule ule wa wangu, kwa hiyo naiga bila kugeuza kichwa. Wateja wanasubiri. Kuna mzee wa watu amekaa robo saa na ndevu za shavu moja, akaishia kutupigia makofi kufuata mwendo.

Kodi yenyewe, Shangazi, ni adhabu. Kidole cha shahada kinalala kifudifudi juu ya jozi mbili za nyuzi nene. Cha pete kinaruka vyuma viwili mbele kwenye jozi ya tatu, navyo vyuma ni vile vijipande vinavyokatiza shingo. Kile kidogo cha mwisho, ambacho maisha yangu yote sijakituma kazi yoyote, kinatakiwa kwenda chuma kimoja mbele zaidi, kwenye jozi nyembamba, na kibonyeze kwa nguvu sawa na ndugu zake. Wiki ya kwanza ilitoka milio ya kijiko kwenye sufuria. Lakini ukishalipata umbo hilo, umelipata. Mkono ule ule, vidole vile vile, unausukuma mzima chuma kimoja mbele na wimbo wote umepanda. Unaurudisha, umeshuka. Kidole cha pete peke yake kikirudi chuma kimoja nyuma, wimbo unaingia majonzi. Siku nilipogundua hilo nilikipeleka mbele na nyuma mara hamsini, furaha, majonzi, furaha, majonzi, mpaka jirani akagonga ukuta.

Maumbo ni matatu, na Mkimya ameyapa majina. La kwanza ni Mwenye Nyumba, ndiye wa kuanzia na kumalizia. La pili ni Mjomba, wa kutembelewa, ukifika kwake unapumua na ukitaka unakaa. La tatu ni Shemeji. Shemeji hakai. Ukimpiga tu, sikio linaanza kuuliza atarudi lini kwa Mwenye Nyumba. Ukimwacha hapo ukanyanyua mkono, chumba kizima kinakosa utulivu. Mkimya alinitazama kwenye kioo akasema huyu Shemeji anamjua, anakaa ghorofa ya juu nyuma ya duka la vioo. Wateja wakacheka, nami nikacheka, ila iliniingia.

Nilijifunza kwa pupa. Unanijua, mimi kitu nikikitaka nakitaka jana. Kazini nilichora mistari minne kwa chaki juu ya kipande cha mbao, nikakigongea vipande vya waya viwe vyuma, na mkono wa kushoto ukawa unafanya mazoezi kila ninaposubiri gundi ikauke. Siku moja nilishona kava la kiti cha daktari ndani nje, maua yote yamejificha, na tajiri yangu akakizunguka kile kiti akitafuta maua. Nilikifumua mwenyewe jioni ile.

Lakini yamelipa. Wiki ya tatu Baba alianza wimbo mahali pa ajabu, juu kuliko siku zote, na mimi badala ya kuhangaika nikapapasa shingo, chuma cha tatu siko, cha nne siko, cha tano nikamkuta. Akageuza kichwa kunitazama. Tukaenda naye ubeti wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Kwenye wa nne nilikosea, kidole cha mwisho kilichoka kikateleza. Baba akanyoosha mkono wake wa kushoto, mkono mzima, akakishika kidole changu, akakisukuma mahali pake na kukibonyeza hasa, kama alivyonifanyia nikiwa na miaka tisa. Kumbe maumbo hayo yote anayajua. Alinifundisha mawili rahisi kwa sababu sikukaa kitako kusubiri mengine. Tangu siku ile ananisahihisha kila mara, kwa ukali wake ule ule, na mimi sijawahi kufurahia kukaripiwa namna hii.

Sasa nimefika penye ugumu. Nimeinuka tena, nimechemsha maji, nimesahau kuyanywa.

Msema kweli mpenzi wa Mungu. Mwanao alikosea neno, lakini mambo hayakuwa mbali naye. Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe 6, tajiri aliniita pembeni. Anafungua karakana ya pili mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, kazi ya kushona viti vya mabasi, na anataka mimi nikaisimamie. Mafundi wanne chini yangu. Vyumba viwili vya kukaa nyuma ya karakana hiyo, vya chini, bila ngazi. Alitaka jibu kufika Ijumaa. Shangazi, nilitoka pale miguu haigusi sakafu. Miaka hii miwili ya kumuuguza Baba sijakwenda popote zaidi ya hospitali na sokoni, na kuna siku nasimama juu ya ngazi naangalia barabara mpaka najionea huruma. Nampenda Baba. Pia nimechoka. Yote mawili ni kweli, na sijui kwa nini watu wanataka mtu achague moja.

Halafu Jumatatu ukaja ujumbe wako kwamba unakuja kumchukua. Mara moja nilijua umepotoshwa na lile neno. Ningekupigia dakika ile ile, tungecheka, yakaisha. Sikupiga. Siku mbili nzima nilijua umekosea na sikukusahihisha, kwa sababu kosa lako lilikuwa linanifaa. Nilijiambia, Shangazi amchukue, lawama zibaki kwa mwanaye, mimi niende zangu nikiwa nimeonewa. Nilianza hata kuchagua nguo za kubeba. Hilo ndilo ninalokuomba unisamehe, si lile la kodi. Jumatano nilipoanza kukupigia ilikuwa kukuungamia, na hukupokea, na nilistahili.

Ni Jumatano hiyo hiyo, wakati Baba anaimba na mimi namfuata chuma kwa chuma, nilipojiuliza huko kwako nani atamfuata. Hakuna asiyejua unampenda. Lakini kwako hakuna anayepiga. Ataanza wimbo juu, hakuna mtu, atapiga ukingo wa kitanda, atafumba mdomo. Mwalimu wa kusema aliniambia wazi kwamba mlango huu ukizoea kufungwa nao utakuwa mgumu. Nikaona sina budi kuuliza kama anaweza kwenda na mimi. Sote tumekuwa tunamjadili kama kabati, libaki hapa, lipelekwe kule, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Basi nikamuuliza, na nikaharibu. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, niko mlangoni, mkoba begani, nimechelewa. Nikasema kwa haraka zangu zile zile, "Baba, nikihama utaonaje?" Akanitazama. Akageukia ukutani. Nikangoja, hakugeuka. Nilikwenda kazini nikijua amekataa, kwamba nyumba hii aliyoishi na Mama haiachi. Jioni mandolini haikuitikiwa. Nilianza wimbo anaoupenda, kimya. Nikahama juu, nikahama chini, kimya.

Ijumaa nikamwambia tajiri siendi. Alisikitika, akasema atamtafuta mwingine. Nilirudi nyumbani nimevimba, na sitaki kujisifu mbele yako, sikurudi kama binti mwema aliyejitoa. Niliosha vyombo kwa kuvigonga. Na nikawa naiambia sufuria, kwa sauti ya kusikika chumba cha pili, kwamba haya, tumebaki, tufurahi, mimi nilitaka tuhame sote wawili, vyumba vya chini, hakuna ngazi ya kumvunja mtu shingo, karakana iko ukutani kwa hiyo mchana ningekuwa naingia kupiga wimbo mmoja na kurudi, lakini hapana, watu wanataka ukuta, basi wakae na ukuta wao. Nikamaliza, nikalala na hasira zangu.

Jana Jumamosi niliamka kumpelekea chai. Kitandani hayupo. Nikaangusha kikombe. Nikamkuta kwenye kiti karibu na mlango wa nje, amevaa koti, kofia kichwani. Viatu amevivaa mwenyewe kwa mkono mmoja, cha kulia amekikanyaga kisigino, kamba zote zinaburuta. Mapajani amepakata mandolini ndani ya mfuko wake. Sijui alianza kujivika saa ngapi. Lazima ilimchukua saa nzima.

Nikamuuliza, Baba, unakwenda wapi? Akaanza kutafuta neno. Unajua anavyotafuta, shingo inakaza, macho yanatoa machozi. Nikataka kumsaidia, akanipungia mkono nimwache. Mwisho likatoka. "Tu," akasema.

Nikadhani anasema basi tu, nimekaa tu. Akatikisa kichwa. Akagusa kifua chake, akanigusa mimi kwenye paji la uso. "Tu," akasema tena, kwa nguvu, karibu kwa hasira.

Ndipo nikasikia nilichomwambia Alhamisi. Nilisema nikihama. Sikusema tukihama. Mzee wa watu aligeukia ukutani kwa sababu binti yake alimuaga akiwa na mkoba begani, na kwa siku mbili hakuwa na namna ya kuniuliza kama nilimaanisha hivyo. Aliposikia yale ya sufuria, akavaa viatu.

Nilikaa sakafuni nikamfunga kamba za viatu, nikilia juu ya vidole vyake. Nikamuuliza, vizuri mara hii, nikimtazama usoni: tuhame? "Ndiyo," akasema, na ile haikuwa ndiyo ya mazoea. Halafu akaanza kuimba pale pale na kofia yake, mahali pa juu mno, nikatoa mandolini mfukoni kwa haraka nikampata.

Kabla ya adhuhuri nilikuwa kwa tajiri. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, lakini haya yalizoleka, ila kwa kusemwa sana. Mwingine alikuwa bado hajapatikana. Akaniuliza mara tatu kama safari hii nina hakika, na mara ya tatu nikamwambia amuulize Baba, maana nilikuwa nimekwenda naye. Mkimya ndiye aliyekuja kutuchukua huko, na ndiye aliyemnyoa bure, akizungumza mwanzo hadi mwisho. Mwalimu wa kusema nilimpigia simu, ataniandikia barua ya kwenda kwa mwenzake wa huko. Amefurahi sana na lile "tu". Anasema ni neno la kwanza jipya Baba alilolitoa bila kuliimba.

Tunaondoka tarehe 27, Shangazi, siku moja kabla ya tiketi yako. Sikupangii, ila nakuomba uibadilishe uje huko tuendako badala ya hapa. Njoo ukae hata mwezi. Utatukuta kwenye nyumba isiyo na ngazi, magoti yako yatashukuru. Na kama bado unaona mdogo wako akae kwako, njoo umuulize mwenyewe. Ila mwulize taratibu, ukiwa umekaa, na ungoje jibu, maana linachukua muda.

Nisalimie mume wako, mwambie redio yake bado ipo na nitaileta. Wasalimie wajukuu wote, yule mkorofi wa kati umsalimie mara mbili. Mwanao naye msalimie, nimeshamsamehe, ila mwambie neno lenye maana mbili aulize kwanza. Mungu akupe macho ya kusoma barua hii, magoti ya kukufikisha kwetu, na moyo wa kutupokea tulivyo, na akuzidishie siku.

Anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Najua kwenye daftari lako ukurasa wangu umejaa anwani zilizokatwa, na kwamba siku hizi unaniandika kwa penseli ili iwe rahisi kufuta. Hii, nakuomba, iandike kwa kalamu ya wino. Na isiandikwe kwangu. Iandike kwenye ukurasa wa Baba, jina lake juu, la kwangu chini yake.

Ni mimi nikupendaye, hata ukikataa simu zangu,

Kiguu na Njia